Chupa Tatu za Porto huko Kabambare

Mmeniuliza mmoja mmoja, wengine mlangoni pa kanisa, wengine sokoni mbele ya watu, kama ni kweli kwamba niliketi Kabambare meza moja na bwana mkubwa wa Leta, serikali ya wazungu, na kumwambia amekosea. Ni kweli. Lakini kila anayesimulia anaongeza chake, na juzi nimesikia kwamba tulikunywa pipa zima na kwamba Amisi, Mwislamu wa watu, alicheza ngoma juu ya meza. Kwa hiyo nimeamua kuandika mwenyewe. Anayetaka kujua asome.

Kwa asiyenijua, mimi ni Yohana Kitenge. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa boyi wa meza hapa Kasongo, nyumbani kwa Mreno mmoja mfanyabiashara tuliyemwita Bwana Ndevu. Mreno huyo alipenda kitu kimoja kuliko duka lake: divai ya kwao inayoitwa Porto. Alinifundisha namna ya kusimamisha chupa ya zamani siku mbili ili mashapo yashuke, namna ya kung'oa kizibo kilichooza bila kukivunja, na namna ya kumimina polepole mbele ya mshumaa, ukitazama shingo ya chupa, mpaka uone mashapo yanakuja kama moshi, ndipo usimame. Alinifundisha kunusa pia. Mwishoni alikuwa ananipa glasi kwanza na kuuliza, "Kitenge, hii iko nzima?" Nilinusa, nikamwambia.

Lakini sikuonja. Sheria ya wakati ule ilimkataza mtu mweusi divai ya Ulaya. Ningeweza kulamba matone jikoni, na wenzangu wengi walilamba. Mimi sikutaka kuonja kwa kuiba kitu nilichokijua kuliko wageni waliokaa mezani. Bwana Ndevu akarudi Ulaya, mimi nikarudi shambani kwangu, kisha sheria ile ikaondolewa. Ndipo ikaja barua kutoka Kabambare.

Kutoka Kasongo

Barua ilitoka kwa rafiki wa Bwana Ndevu, Mreno mwenye duka Kabambare, anayeitwa Bwana Miwani. Iliandikwa kwa Kiswahili na karani wake. Ilisema Bwana Miwani anafunga duka na kwenda kwao moja kwa moja. Ana chupa tatu za Porto za zamani sana alizozifukia chini ya sakafu ya ghala, na karatasi za majina zilizobandikwa chupani zimeliwa na mchwa. Hakuna mwingine anayejua divai hii. "Njoo Jumapili ya pili, tufungue na tuonje."

Niliisoma mara nne. Neno lile "tuonje" nililiweka kidole juu yake.

Sikutaka kwenda peke yangu. Nilimwendea Gaspari, fundi wa mbao, ambaye tulibatizwa siku moja, na Amisi, fundi cherehani, ambaye ukoo wake uko Kasongo tangu enzi za Waarabu. Gaspari alikubali kabla sijamaliza. Amisi alicheka.

"Ndugu yangu, mimi nitakuja kufanya nini kwa divai?"

"Utakaa na sisi."

Alifikiri kidogo. "Dada yangu Zaina ameolewa Kabambare. Sijamuona mwaka wa tatu sasa. Nitakuja. Lakini hautaenda na ile kazaka yako, koti la matanga."

Kwa siku nne alinishonea koti la kijivu lenye vifungo vya mfupa. Nililivaa tu asubuhi ya kuondoka, nikapanda nalo juu ya kamiyo, lori lililobeba chumvi, vitambaa na vikapu vya samaki wakavu kutoka Nyangwe. Tulikaa juu ya samaki. Kabla jua halijapanda sawasawa, koti langu jipya lilikuwa linanuka mto wote wa Lualaba. Gaspari alisema mbwa wa Kabambare watatupokea vizuri.

Wamaza

Dereva alituambia tutafika siku ileile. Karibu na Wamaza chuma cha chini ya kamiyo kikavunjika, tukasikia mlio kama wa bunduki, na kamiyo ikalala ubavu mmoja. Dereva alishuka, akatazama, akatandika mkeka wake kivulini. Tukaelewa kwamba hatuendi.

Tulikaa Wamaza siku mbili, mpaka chuma kingine kilipoletwa na mtu wa baiskeli.

Asubuhi ya kwanza nilifungua sanduku langu dogo la bati kuhakikisha kwamba hakuna kilichovunjika. Ndani mlikuwa na kizibuo cha Bwana Ndevu, faneli ndogo ya fedha, kitambaa cheupe kilichokunjwa na mishumaa miwili. Nilivitandaza juu ya kitambaa. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatwanga mpunga alinitazama, akaacha mchi, akaita wenzake. Punde si punde upande ule wote wa kijiji ulikuwa mtupu. Hata kuku walibaki peke yao.

Mzee wa kijiji akaja na watu wawili. Alikuwa na heshima, lakini uso wake ulikuwa mgumu.

"Munganga," aliniambia, "watu walishapigwa sindano mwezi uliopita. Mikono ingali imevimba. Leta inataka nini tena?"

Nikamwambia mimi si munganga. Akaonyesha kizibuo.

"Na ile iko ya kuingiza wapi?"

Gaspari alilazimika kwenda nyuma ya nyumba ili acheke. Mimi nilieleza kwamba ile ni ya kung'oa kizibo cha chupa, na kwamba tunaenda Kabambare kufungua divai ya muzungu na kuionja. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Munatoka Kasongo mpaka Kabambare, juu ya samaki, kwa sababu ya kuonja?"

"Ndiyo, baba."

"Kuonja tu. Hata si kunywa."

"Kuonja ndiyo kunywa, lakini kidogo."

Aligeuka kwa wenzake, akawaambia kwa Kibangubangu maneno ambayo sikuyasikia yote, wakacheka kwa muda mrefu. Jioni, jua likiwa bado juu, walituletea ugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese mengi na kibuyu cha pombe ya mchikichi, wakisema ni vibaya tuende kwa muzungu na kiu. Amisi alipewa chai ya mchaichai. Watoto walirudi, wakagusa koti langu mmoja baada ya mwingine.

Nilifurahi kule Wamaza, lakini usingizi wangu ulikuwa wa taabu, na sababu nilimwambia Gaspari peke yake. Barua ilisema mimi ni mtu anayejua divai. Nilijua rangi yake, harufu yake, mashapo yake, kizibo chake. Ladha yake sikuijua. Nilikuwa ninakwenda kuwa fundi wa kitu ambacho hakijawahi kupita kooni mwangu.

Gaspari alinijibu kwa upole. "Mimi nilitengeneza kitanda cha Monsinyori. Sijalala juu yake hata siku moja. Lakini kama kina mguu mufupi, ni mimi nitajua."

Kabambare, na lile koti jeupe

Tulifika Jumamosi jioni. Mama Zaina, dada wa Amisi, alimshika kaka yake mikono yote miwili na kulia kidogo, kisha akatunusa wote watatu na kusema kwanza mtaoga. Koti langu alilifua kwa majani ya ndimu na kulianika. Tulikula wali na kuku wa karanga, na nikajisikia mtu tena.

Jumapili, baada ya misa, tulikwenda kwa Bwana Miwani. Alikuwa mzee mwembamba, masanduku yake yamekwisha kufungwa kila upande wa baraza. Alinipokea kwa furaha ya kweli, kwa Kiswahili kizuri, maana alikaa nchi hii kuliko kwao.

"Kitenge, asante kwa kuja. Chupa ziko zimesimama tangu juzi, kama unavyotaka. Wageni wanafika saa sita. Nguo yako iko jikoni."

Juu ya kiti cha jikoni palikuwa na koti jeupe la boyi, limepigwa pasi vizuri sana, na glavu nyeupe juu yake.

Nilisimama nikilitazama. Nilisikia uso wangu unapata moto. Nyuma yangu nilisikia pumzi ya Amisi. Yeye ndiye aliyenishonea la kijivu.

Nikarudi barazani. Nilitoa barua mfukoni, nikamfungulia Bwana Miwani.

"Bwana, soma hapa. Inasema tufungue na tuonje."

Alivaa miwani nyingine, akasoma, akamwita karani wake, kijana mwenye adabu anayeitwa Mulamba.

"Mulamba, nilikuambia uandike nini?"

"Bwana ulisema nimwite kwa sababu hakuna mwingine anayejua divai hii. Nikafikiri, mutu anajua divai namna gani kama haionji? Nikaandika hivyo."

Hata leo sijui kama Mulamba alikosea au alifanya makusudi. Alisema vile bila kupepesa macho, kisha akarudi kwenye karatasi zake.

Bwana Miwani alikaa juu ya sanduku moja. Alikuwa ameona aibu, na alikuwa na hofu pia, nikaona. "Anakuja bwana mkubwa wa Leta," alisema. "Na daktari. Hawajazoea."

Nilikuwa nimeyatayarisha maneno bila kujua, labda kwa miaka kumi na miwili. Nilimwambia hivi: "Bwana, chupa zako nitazifungua, na sitavunja hata kizibo kimoja. Nitawamiminia wageni wako wote. Kisha nitajimiminia mimi na rafiki zangu, na tutakaa. Kama haiwezekani, sikasiriki. Nitakuachia kizibuo na faneli, na sisi tutakwenda kula kwa Mama Zaina, amepika."

Ndani, chupa tatu zilikuwa zimesimama juu ya meza, nyeusi, na udongo bado mabegani. Bwana Miwani alizitazama kupitia mlangoni.

"Moja kati ya hizi ni ya baba yangu," alisema taratibu. "Babu aliiweka mwaka baba alipozaliwa. Nilitaka kuinywa hapa, kabla sijaondoka. Sasa sijui ni ipi. Mchwa wamekula jina lake."

Kisha akasimama, akaenda mwenyewe kuleta viti vitatu.

Mezani

Bwana mkubwa wa Leta alifika na daktari saa sita na nusu. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya amri. Alituona tumekaa.

"Hawa ni nani?"

"Wageni wangu," alisema Bwana Miwani. "Huyu ndiye anayejua Porto. Hawa ni rafiki zake."

Alikaa, lakini alikivuta kiti chake mbali kidogo na cha Gaspari. Gaspari naye, kwa adabu, akakivuta chake mbali zaidi. Daktari akatazama dirishani, na nikadhani anaficha tabasamu.

Nikasimama kufanya kazi. Mikono yangu ilijua kazi yake, kama mikono ya Gaspari ikishika randa.

Ya kwanza ilifunguka kwa urahisi. Kizibo kilikuwa kizima. Ilimiminika mpaka mwisho safi, bila mashapo, rangi ya asali ya msituni. Ya pili ilinitesa. Kizibo kilikuwa kimekuwa kama ugoro, kikaachia vipande, na nilikitoa kidogo kidogo, nikipanga kila kipande juu ya kitambaa. Niliwasha mshumaa mchana ule. Upande mmoja wa chupa ulikuwa na ukoko mzito uliogandamana na kioo. Nilimimina kwa pumzi moja ndefu, na moshi wa mashapo ulipofika shingoni nikaacha. Ya tatu tuliiacha imefungwa kwanza, mpaka tujue kama ya baba imo katika hizi mbili.

Bwana mkubwa, aliyekwisha kusimuliwa habari ya chupa ya baba, alizungusha glasi ya kwanza kwenye mwanga. "Bila shaka ni hii," alisema. "Tazameni, rangi imekwisha kufifia. Hii ndiyo ya zamani. Ile nyingine ingali nyekundu, ni ya juzi tu." Akainua glasi kumpongeza mwenyeji kwa ajili ya baba yake.

Bwana Miwani hakuinua yake. Aliniangalia. "Kitenge?"

Nilinusa ya kwanza. Karanga za kukaanga, asali, ubao. Nikanusa ya pili, na nikajua. Lakini nilikuwa nimesema nitaonja, na sikutaka kusema kwa pua tena. Nikainywa.

Mnataka kujua ilikuwaje. Ilikuwa kama kukutana na mtu ambaye umesoma barua zake miaka mingi. Kila kitu pua yangu ilichokijua kilikuwepo, zabibu kavu, moshi wa jikoni, ngozi ya kiti cha zamani, lakini sasa kilikuwa na uzito, na joto lililoshuka kifuani taratibu, na baada ya kumeza kilibaki mdomoni muda mrefu kuliko nilivyofikiri. Nilifumba macho. Najua kwamba wote walikuwa wananitazama, na kwa mara ya kwanza katika chumba chenye wazungu sikujali kutazamwa.

Nikasema, "Bwana mkubwa, samahani, umekosea."

Bwana mkubwa alishusha glasi yake.

"Hii ya kwanza ni nzuri sana," niliendelea, "lakini ilizeeka ndani ya pipa. Ubao ndio uliofifisha rangi yake. Ndiyo maana haina mashapo, na kizibo chake ni kizima, kwa sababu iliingia chupani juzi. Hii ya pili ilizeekea chupani, gizani. Rangi yake ilishuka chini ikawa ule ukoko. Tazama ukingo wa glasi, umekuwa kama tofali. Hii ndiyo mama wa hiyo."

"Unaweza kuonyesha?" alisema bwana mkubwa.

Nilivuta kitambaa changu. Vipande vya kizibo nilivyovipanga vilikuwa vimekauka kidogo, na pembeni palionekana alama zilizochomwa kwa moto. Niliviunganisha kwa ncha ya kisu. Gaspari, mwenye jicho la fundi, aliniwekea kipande cha mwisho mahali pake. Zilikuwa tarakimu nne.

Bwana Miwani aliinama, akasoma. Akavua miwani. Alisema kwa sauti ndogo kwamba ndio mwaka baba yake alipozaliwa, na akashika glasi yake kwa mikono miwili, akanywa, na machozi yalimtoka bila kuyaficha.

Amisi alimsogezea maji yake ya kunywa, kitu pekee alichokuwa nacho mbele yake.

Bwana mkubwa wa Leta alikunywa ile ya pili. Alikaa nayo mdomoni. Kisha akaninyooshea glasi yake tupu, na mimi nikasimama, nikamjazia kidogo, nikakaa tena mahali pangu. Hakuomba radhi. Lakini aliniuliza, "Jina lako nani, nzima?" Nikamwambia Yohana Kitenge. Akalirudia sawasawa, na mpaka tunaondoka hakuniita "weye", kama walivyotuita wazungu wengine.

Tulipokuwa tunaaga, Bwana Miwani alinipa ile chupa ya tatu mikononi. "Mimi nimekunywa ya baba yangu," alisema. "Hii ni yako. Sijui ni nini."

Kurudi, na daraja

Nilitaka kuifikisha chupa ile Kasongo, niwaonjeshe ninyi mnaosoma. Nawaambia ukweli huo ili msinune mkisikia yaliyobaki. Niliipakata mapajani juu ya kamiyo, nimeifunga ndani ya koti, na kila shimo la barabara nililihisi mimi kwanza.

Siku ya kwanza mvua ilikuwa imebeba nusu ya daraja moja dogo, kabla ya kufika Wamaza. Ng'ambo na huku palikuwa na watu wa barabara, kumi na mmoja, wakiongozwa na kapita anayeitwa Sumaili. Walikuwa na magogo na mashoka, lakini fundi wao alikuwa mgonjwa. Gaspari aliwatazama robo saa. Kisha akavua viatu.

"Lile gogo mumeliweka kichwa chini," alimwambia Sumaili. "Litaoza kabla ya mavuno."

Alifanya kazi nao siku mbili, ndani ya maji mpaka kiunoni. Mimi na Amisi tulibeba magogo, vibaya. Tulikula walichokula, muhogo wa kuchoma na samaki wadogo wa mto ule waliofungwa kwenye majani na pilipili. Chupa niliisimamisha kati ya mizizi, kivulini, na kuizungushia mawe. Siku mbili ilisimama pale kama inavyotakiwa, na mashapo yake yakashuka.

Siku ya pili mchana kamiyo ilivuka daraja bila mzigo, kisha na mzigo, na daraja halikulia. Sumaili alikuja kutushukuru, matope mpaka magotini. Nilimtazama yeye na watu wake, nikatazama chupa, na sikuhitaji kufikiri sana.

Nilitandaza kitambaa juu ya jiwe. Amisi alinishikia mshumaa, akiukinga upepo kwa kiganja chake, na hakunywa wala hakutaka, lakini mkono wake ulikuwa imara kuliko wangu. Nilimimina ndani ya birika lao la bati. Ilikuwa na ukoko. Ilikuwa mtoto wa ile ya baba, nyekundu zaidi, na nzima.

Waislamu watatu walishukuru na kukataa. Waliobaki walileta vikombe vya bati, kila mmoja akapata kiasi cha vidole viwili. Mmoja aliinua kikombe amalize mara moja, lakini Sumaili akamshika mkono.

"Ngoja. Fundi, wanakunywaka namna gani?"

"Wananusa kwanza," nilisema. "Mukinusa, mungojee. Itawaambia kitu."

Wakafanya hivyo, na Gaspari pamoja nao, na mimi pia. Tulisimama juu ya lile daraja jipya, wanaume wenye matope, kila mmoja pua ndani ya kikombe chake, kimya kabisa, maji yakipita chini yetu. Ng'ambo dereva akapiga honi. Akapiga tena. Hakuna aliyeinua kichwa.